Makoti Arobaini na Moja Yaliyopimwa Jioni

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na sitawalaumu. Mke wangu nimekaa naye miaka ishirini na miwili, na bado nikimwambia ni saa nane anatoka nje kutazama kivuli. Lakini siku ile kiwandani mke wangu hakuwepo. Nilikuwepo mimi, tena na pasi mkononi. Anayetaka kubisha abishe, ila kwa adabu.

Ninamzungumzia shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, mkata nguo. Msimchanganye na mshonaji. Kushona hata mimi nitashona, nikilazimishwa. Mkata nguo ndiye anayetandaza kitambaa mezani, akachora kwa chaki, akatia mkasi, na akishatia mkasi imetoka hiyo. Katika karakana yetu ya sare wako washonaji kumi na mmoja, mpiga pasi mmoja ambaye ni mimi, na mkata mmoja ambaye ni yeye. Mimi husema nguo inafanywa na pasi. Yeye husema pasi inaficha makosa ya wengine na kuongeza ya kwake. Tumebishana hivyo miaka kumi na minne na hakuna aliyeshinda, ingawa kwa kweli nimeshinda mimi.

Meza yake ya kukatia ilitengenezwa na seremala aliyedhani binadamu wote ni wafupi. Shemeji si mfupi. Basi miaka ishirini na sita ameiinamia ile meza, mpaka mgongo ukakubali yaishe. Jioni akitaka kujinyoosha hunyooka kwa awamu, kama jengo la serikali: awamu ya kwanza viganja mezani, awamu ya pili kiuno, awamu ya tatu tunaambiwa iko mbioni.

"Shemeji," huwa namwambia akipita kwenye meza yangu hivyo alivyo, "leo umeangusha nini huko chini?"

"Natafuta akili zako," hunijibu. "Naambiwa zilionekana huku mara ya mwisho."

Hacheki akisema hivyo. Anasema huku anatembea, na anatembea huku anasinzia.

Sasa niwaambie anavyofanya kazi, maana bila hilo hamtanielewa. Mtu yeyote akiona futi ya fundi inamjia anageuka askari. Tumbo linaingia ndani, kifua kinatoka mbele, kidevu kinapanda. Fundi asiye na macho humpima papo hapo akiwa askari, halafu nguo ikivaliwa siku ya kazi inamkimbia mwenyewe: kola inaachana na shingo, nyuma inapanda, mbele inaburuta. Mteja anarudi na matusi. Kumbe aliyepimwa si yeye, ni yule anayepigwa picha.

Shemeji hupima mara mbili. Ya kwanza kwa heshima zote, anaandika namba, mteja anafurahi. Halafu anajifanya amepoteza chaki, anaitafuta huku na huku na iko sikioni mwake, na katikati ya kutafuta anauliza kama hataki jibu, "Na nyumbani, wazima?" Mtu akianza tu kueleza habari za nyumbani, mabega yanashuka. Hapo futi inapita mgongoni kama mkono wa mwizi. Alikuja karani mmoja wa benki, kifua mbele kama jogoo wa mashindano. Alipoulizwa habari za mama mkwe alishuka inchi mbili na nusu. Niliziona kwa macho yangu. Koti lake likakatwa kwa hizo inchi mbili na nusu, na mpaka leo akipita barabarani anatusalimia yeye kwanza.

"Namba ya kwanza ni ya sherehe," Shemeji husema. "Ya pili ndiyo inayopanda basi kwenda kazini."

Wasomi nao wamegundua siku hizi, nasikia, kwamba mgongo na moyo vinashikana, kimoja kikilala kingine kinalala, kimoja kikiinuka kingine kinajitahidi. Wamechelewa. Shule mimi niliiacha njiani, kwa makubaliano ya pande zote mbili, na hayo niliyajua zamani kwa kutazama tu nguo zinavyorudi. Koti la mtu aliyefukuzwa kazi lina makunyanzi yake. Hata pasi hayaiitikii.

Tuje kwenye mambo. Kilikuja kiwanda cha sabuni kutaka makoti ya kazi arobaini na moja, ya wanawake wanaopanga sabuni kwenye maboksi. Wageni wa makao makuu walikuwa wanakuja baada ya mwezi mmoja na wanawake wale walikuwa na makoti yaliyochujuka mpaka hujui yalianza na rangi gani.

Mwenye karakana yetu, ambaye sote tunamwita Bosi, akamwita Shemeji mbele ya watu. Mwezi ule kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, Shemeji alikuwa amekata suruali sita, miguu yote ya kushoto. Si ujinga, ni uchovu: aligeuza kitambaa kichwani mwake bila kukigeuza mezani. La pili, alikuwa ameajiriwa bwana mmoja wa miaka thelathini hivi, aliyesomea kukata, na cheti chake alikitia fremu akakitundika juu ya cherehani yake. Tukamwita Bwana Cheti. Si mtu mbaya. Ana kasoro moja tu, hasahau alichosoma.

"Mama," Bosi akasema, "kazi hii ni yako. Lakini makoti yakirudi, Jumatatu mkasi anashika huyu bwana, wewe unarudi kwenye vifungo."

Vifungo ni kile kigoda cha kona, karibu na mlango wa choo, ambapo kila mtu huanzia. Shemeji alikaa hapo akiwa na miaka kumi na saba. Kurudishwa hapo ukiwa na hamsini na tatu si adhabu ya siku moja. Wanaopita kwenda chooni wanakusalimia kila saa.

Tukaenda kiwandani kupima, yeye na futi, mimi na daftari. Msimamizi wa wale wanawake, mama mmoja mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, akatuambia mkanda wa sabuni hausimamishwi kwa ajili ya futi. Tungoje zamu iishe. Tukangoja mpaka saa kumi na moja jioni, king'ora kikalia, wakaanza kuingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Nikakaa tayari kuwaona wakigeuka askari. Hakuna aliyegeuka. Wa kwanza alisimama mbele ya futi kama kanga aliyenyeshewa, mikono inaning'inia, shingo mbele. Shemeji akampima. Kisha akatafuta chaki kwa mazoea, akauliza, "Na nyumbani, wazima?"

"Wapo," yule mama akasema.

Na hakushuka. Hakukuwa na pa kushukia.

Wa pili hivyo hivyo, wa tano hivyo hivyo. Alikuwepo mmoja mrefu sana, wenzake wanamwita Mlingoti, ila mlingoti wenyewe ulikuwa umepinda juu, maana ule mkanda wa sabuni uko chini na yeye yuko juu, na mmoja lazima amfuate mwenzake. Akamwambia Shemeji, "Mimi shona vyovyote. Hakuna kinachonikaa." Wakapimwa wote, namba moja moja. Shemeji mwenyewe tangu alfajiri alikuwa akikata sare za shule, na nilimwona mara mbili akishika ukuta ili amalize mgongo wa mtu.

Njiani nikamwambia, "Umewapima mara moja tu."

"Hawana ya pili."

"Wana ya pili. Ya kwanza ndiyo hukuiona."

"Basi hawana ya kwanza," akasema. "Na mimi sina nguvu ya kuwatafutia."

Akakata kwa hizo namba. Mtu aliyeinama hukatiwa mgongo mrefu na mbele fupi, ndiyo sheria. Bwana Cheti akapita mezani, akasimama.

"Mama, hii migongo mbona imezidi? Kitabu kinasema—"

"Hicho kitabu kimewahi kuingia zamu ya sabuni?"

Akaondoka. Makoti yakashonwa, ya bluu, mifuko miwili, na mimi nikayapiga pasi ambayo tangu karakana ianze haijapigwa. Mkunjo wa mkono ungeweza kunyolea ndevu.

Tukayapeleka asubuhi, saa moja na nusu: Bosi, Shemeji, Bwana Cheti, na mimi na pasi ndogo ya dharura. Wanawake walikuwa wamepata usingizi, wamekula kidogo, wamesukana. Msimamizi akachukua makoti yao ya zamani, akayafungia stoo. Wakavaa mapya.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Walijinyoosha. Hakuna aliyewaambia. Mtu akitia mkono kwenye koti jipya la bluu bega linarudi nyuma lenyewe, mwingine akamwona mwenzake, akarudisha na lake, na kabla sijaweka pasi chini chumba kizima kilikuwa wima. Chumba kile hakina kioo, wakawa wanajitazama kwenye madirisha. Wakaanza kutaniana.

"Wewe, nani kakupa shingo?"

"Nilikuwa nayo. Ilikuwa stoo."

Na migongo yote arobaini na moja ikajikusanya chini ya kola, kitambaa kimekaa mikunjo mikunjo kama shingo ya kobe. Mbele yamepanda, vifungo vinavutana. Kila koti lilikuwa limeshonewa mtu mwingine, na mtu huyo hakuwa amefika kazini bado.

Mlingoti ndiye alikuwa mbaya kuliko wote, kwa koti. Kwa uso alikuwa mzuri kuliko wote. Alikuwa ameinuka mpaka nikaona anamzidi Bosi. Akamgeukia Msimamizi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, huu mkanda uko chini mno. Miaka kumi na moja nauinamia kama nauamkia, nauambia shikamoo kutwa, na hata siku moja haujaitikia marahaba."

Wenzake wakaangua kicheko. Msimamizi alishtuka, funguo zikalia. "Tutaliangalia," akasema. Kisha akalitazama koti lenyewe, akashika ule mkunjo wa mgongoni kama anashika paka kwa ngozi. "Haya ni makoti au magunia?"

Bosi alimtazama Shemeji. Bwana Cheti alitazama dari, na namsifu kwa hilo, mwingine angecheka. Mimi nikachomeka pasi kwenye umeme, nikawahi kuifinya migongo mitatu kwa mvuke. Wa nne akasema namchoma. Nikaacha.

"Mama," Bosi akasema polepole, "umeona."

"Nimeona," akasema Shemeji. "Naomba yaachwe mpaka saa tisa."

"Yaachwe yafanye nini? Makoti si mtoto, hayakui."

"Mpaka saa tisa tu."

Msimamizi akakubali kwa sababu king'ora kilikuwa kinalia na makoti ya zamani yalikuwa stoo. Mkanda ukaanza kutembea.

Tukakaa kwenye maboksi ya sabuni karibu na mlango, Shemeji na mimi. Bosi na Bwana Cheti wakaenda kutafuta chai. Harufu ya sabuni kwa dakika tano ni tamu, kwa saa moja inakaa kooni. Tukatazama.

Saa tatu hakukubadilika kitu. Saa nne na robo, yule wa mwisho wa mstari, kola yake ikarudi shingoni. Saa tano walikuwa kama kumi. Niliona mikunjo ya kobe ikijaa mmoja mmoja, kitambaa kinatandazika mgongoni taratibu, kama shuka inayovutwa na mtu wa upande wa pili wa kitanda.

"La yule wa tatu limekaa," nikamwambia. Nilifurahi kama nimefunga goli. "Na la pale. Shemeji, mkasi wako umepona."

Macho yake hayakuwa kwenye makoti.

"Lile la Mlingoti bado kidogo."

"Nyamaza, shemeji," akasema. Si kwa ukali. Kama mtu anayeomba dirisha lifungwe.

Nikaangalia alichokuwa anaangalia. Asubuhi walikuwa wanaongea juu ya mkanda, wanarushiana maneno. Saa saba kulikuwa na sauti ya mashine tu. Saa nane Msimamizi alipita, akaona boksi limepangwa kichwa chini, akamkaripia Mlingoti. Boksi halikuwa lake, lilikuwa la jirani yake, hata mimi niliona. Mlingoti alisema, "Samahani." Akaligeuza. Koti lake wakati huo lilikuwa limekaa mgongoni utadhani lilimwagwa juu yake.

Saa tisa Bosi akarudi na Bwana Cheti. Msimamizi akatembea nyuma ya mstari, akivuta kola moja moja, akipapasa migongo. Alipofika mwisho uso ulikuwa umebadilika.

"Yamekaa," akasema. "Mmefanyaje?"

"Pasi," nikasema. Hakuna aliyenisikiliza.

Bosi akacheka kicheko cha mtu aliyepata funguo zake. Msimamizi akatoa karatasi ya kupokelea mzigo, akatafuta kalamu, na ili aone mara ya mwisho akamwita Mlingoti atoke kwenye mstari. "Njoo. Geuka. Tazama lilivyomkaa huyu, na ndiye mgumu kuliko wote."

Mlingoti akageuka kama alivyoambiwa. Kisha akamtazama Shemeji pale alipokaa kwenye boksi.

"Fundi, asubuhi lilikuwa limenizidi mgongoni?"

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Limekukaa."

"Basi lipunguze."

Shemeji akamtazama. "Nikilipunguza, jioni litakubana. Kola itakuvuta."

"Linivute. Nijue." Alikuwa anaongea kwa kujisukuma, neno moja moja. "Asubuhi nilimwambia huyu mama habari ya mkanda. Sijui sauti niliitoa wapi. Sasa hivi siwezi. Hata kuongea na wewe hapa naona tabu, nataka kurudi kwenye sabuni zangu. Nikivaa kila siku koti linalonikaa hivi, nitasahau kama nilisimama."

Kalamu ya Msimamizi ilikuwa hewani. Bosi akamsogelea Shemeji, akainama, akasema kwa meno, "Mama. Mwenyewe kasema yamekaa. Karatasi inasainiwa. Nyamaza."

Na mimi nikamnong'oneza upande wa pili, "Funika kombe mwanaharamu apite."

Ilikuwa rahisi hivyo. Angekaa tu. Hata kutikisa kichwa hakukuhitajika. Angekaa kwenye boksi, kalamu ishuke, na Jumatatu angeshika mkasi wake.

"Nilikosea," akasema.

"Mama," Bosi akasema.

"Niliwapima jioni. Niliona wamechoka nikadhani ndiyo miili yao. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka, nikaona wanafanana na mimi." Akamgeukia Msimamizi. "Usisaini. Nipe siku kumi, niifungue migongo. Anayetaka."

"Unajua nilichokuambia," Bosi akasema.

"Najua."

Mkasi mkubwa hutembea nao mkobani, umefungwa kwa kitambaa cha flana. Akautoa pale pale, akampa Bwana Cheti. Yule bwana akaupokea kwa mikono miwili, halafu akawa hajui aipeleke wapi hiyo mikono. Akasema, "Asante, Mama," akaona haifai, akasema, "Pole, Mama," nayo akaona haifai.

Tangu hapo Shemeji yuko kwenye vifungo. Asubuhi anatia vifungo vya watu, mchana anafungua migongo ya bluu, anapunguza, anafunga. Mimi napiga pasi bila kutania sana. Ishirini na tisa walikubali kupunguziwa. Kumi na wawili walikataa, wakasema limetukaa, tuachieni, jioni ndiyo tunajiona. Hatukuwalazimisha. Mlingoti alikuwa wa kwanza kuchukua lake, na nasikia ikifika saa nane kola inamvuta, anajinyoosha, anatukana kidogo, anaendelea. Mkanda uko palepale ulipo. Bwana Cheti naye mara nyingi huja kwenye kigoda na kipande cha kitambaa, anajifanya anatafuta uzi, kisha anauliza, na Shemeji anamjibu bila kuinua kichwa.

Lakini nimeruka kitu kimoja. Pale aliposema "nilikosea" hakuwa amekaa tena, na namna alivyoinuka ndiyo nataka muielewe vizuri, kwa sababu nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Aliinuka kwa mara moja. Mgongo ukalia ka, ka, ka, mpaka wa kwenye mkanda wakageuka wakidhani mashine imekatika. Akampita Bosi. Akampita Mlingoti. Kivuli chake kikafunika nusu ya ukumbi, Msimamizi akarudi hatua tatu, kichwa kikafika kwenye taa ya dari, taa ikaanza kuyumba, na yeye bado anapanda, na—

"Na nini, shemeji?"

Shemeji yuko nyuma yangu, anayasoma haya, na koti la bluu mkononi. Sijui amesimama hapo tangu saa ngapi.

"Taa ile hubadilishwa kwa ngazi mbili zilizofungwa kamba," anasema. "Futa. Sikunyooka. Nilishika bega lako ndiyo nikasimama, na bega lenyewe lilikuwa linatetemeka. Andika hivyo, kisha unipigie hili pasi."